Sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ya Carina Ti (5A-FE) imegoma kushuka baada ya skrubu ya throto kukazwa

Karina_wa_Njoro (Moshi)

Habari wakuu. Gari ni Carina Ti, injini 5A-FE, giaboksi otomatiki, throto (mlango wa hewa ya injini) ya waya. Mwanzo ilikuwa inazima ukiwasha AC, au ukikata usukani huku umesimama. Fundi akakaza ile skrubu ndogo ya pembeni ya throto inayogusana na mkono wa kipepeo (kibao cha ndani kinachofungua na kufunga hewa). Kuzima kumeisha, lakini sasa ikipata moto mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unakaa 1,300. Ukiingiza D inashtuka na inataka kuondoka yenyewe, breki unaikanyaga kweli kweli. Asubuhi ikiwa baridi inatulia, ila baada ya dakika chache inaanza kupanda hadi karibu 1,900, inashuka 1,200, inapanda tena, mpaka ipate moto kabisa. Taa ya cheki injini haijawaka. Mafuta yanaenda kuliko zamani.

Naambiwa pia kwamba huku kwetu mlimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo sailensa lazima iongezwe kwa skrubu hiyo. Ni kweli? Na skrubu inarudishwa mpaka wapi?

SpanaKumiNaNne (Arusha, Unga Ltd)

Mkuu, skrubu hiyo si ya sailensa. Kazi yake ni kukizuia kipepeo kisijikabe kwenye ukuta wa throto mguu unapotoka kwenye pedali. Kiwandani wanaipima, wanaipiga tone la rangi, basi. Kwenye injini ya EFI (ya nozeli na kompyuta, si kabureta) hewa ya sailensa hupita njia ya pembeni iliyo ndani ya throto bodi, na njia hiyo hufunguliwa na kufungwa na valvu ya ISC kwa amri ya kompyuta. Ulichofanyiwa ni kuongezewa upenyo mahali ambapo kompyuta haina mamlaka. ISC hata ikifunga yote, hewa inayopita kwenye kipepeo inatosha kuizungusha injini 1,300.

Kule kupanda na kushuka kwa asubuhi kuna sababu yake. Ndani ya sensa ya throto mna swichi, imeandikwa IDL, inayoiarifu kompyuta kwamba mguu umetoka. Kompyuta ikiona swichi imefunga na rpm ziko juu ya kikomo fulani, inaamini gari inashuka mlima, inakata mafuta. Rpm zinaanguka, mafuta yanarudi, zinapanda, yanakatwa tena. Injini ikiwa baridi kikomo kiko juu, kwa hiyo inatulia. Inapopashika kikomo kinateremka na kukutana na sailensa yako iliyozidi, ndipo mchezo unapoanza. Ikipata moto kamili ISC imeshafunga, rpm ziko chini ya kikomo, inatulia tena hapo 1,300. Kwa hiyo swichi yako inaonekana bado inafunga. Skrubu ingekazwa zaidi kidogo IDL isingefunga kabisa, na hapo ungekuwa na ugonjwa mwingine: unateremka toka Marangu kwenda Himo, mguu umeutoa, nozeli bado zinamwaga mafuta na injini haikusaidii kushika gari.

Kilichokuwa kinaizimisha mwanzo karibu hakika ni masizi kwenye ISC. AC ikishika, kompyuta inaiamuru ifungue, nayo imenata. Ukirudisha skrubu bila kuisafisha, gari itazima tena na utarudi kwenye skrubu. Kwa hiyo anza na usafi.

Injini iwe baridi. Toa hozi kubwa ya hewa toka eya klina, toa waya wa mafuta (ule wa pedali), soketi ya sensa ya throto na ya ISC. Chini ya throto bodi kuna hozi mbili ndogo za maji ya rejeta. Zibane au uzizibe kwa boliti inayolingana, vinginevyo kulanti itamwagika yote. Zinafungwa kwa klipu, praizi inatosha. Throto bodi yenyewe inashikwa na boliti na nati, spana 12.

ISC iko chini yake, imefungwa kwa skrubu za nyota. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: skrubu ni laini na zimeshikana, bisibisi iliyochoka inakata vichwa. Tumia nyota inayojaa kichwani vizuri, igonge kidogo kwa nyundo, ndipo uzungushe. Ukiifungua utaona ngoma ndogo yenye mwanya, mara nyingi nyeusi tii. Puliza dawa ya kusafishia kabureta, sugua kwa mswaki wa zamani, ukiwa umeiinamisha ili uchafu utoke nje usiingie kwenye koili. Usiilowanishe kwenye petroli. Usilegeze koili kwenye bodi yake pia, mkao wake umepimwa. Ngoma ikisukumwa kwa kidole izunguke bila kukwama popote.

Hapo hapo pima koili. Pini ni tatu, ya katikati ni ya umeme wa betri. Kati yake na kila ya pembeni upate takriban omu 17 hadi 25 ikiwa baridi. Upande mmoja ukikataa kabisa, valvu imekufa na usafi hautaisaidia.

Gasketi ya mpira kati ya ISC na throto bodi iangalie sana. Ikiwa imelala, maji ya rejeta yanapenya kwenye njia ya hewa na kuingia kwenye injini. Gari inatoa moshi mweupe, watu wanakimbilia kufungua silinda hedi. Gasketi ya throto nayo weka mpya, usiweke gasketi meka (ile gundi ya kuzibia), inavutwa ndani.

Sasa skrubu. Throto bodi ikiwa mkononi, ilegeze mpaka isiguse mkono kabisa, kipepeo kijifunge chenyewe. Ikaze taratibu mpaka iguse tu. Weka karatasi nyembamba katikati, ukiona karatasi imeanza kubanwa umefika. Ongeza robo ya mzunguko, usipite nusu. Kipepeo kifunguke bila kukwaruza wala kukaba. Kaza nati yake na uisahau. Hakuna kitabu kitakachokupa milimita za skrubu hii, kiwandani hupimwa kwa mtiririko wa hewa, lakini hapo utakuwa umekaribia vya kutosha na ISC itamalizia.

Baada ya skrubu ni sensa ya throto, kwa sababu mkao wa kufunga umebadilika. Ingiza fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) kati ya skrubu na mkono, mita kwenye pini za IDL na E2. Kwa injini za Toyota za miaka ya 90 vipimo vinakaribiana. 3S-FE kwa mfano, ukiweka 0.50 mm mita ionyeshe imeunganika, ukiweka 0.70 mm iwe imekata. Kama hailingani, legeza skrubu mbili za sensa, izungushe kidogo, kaza, pima upya. Ukishaifunga kwenye gari, switi ikiwa ON bila kuwasha injini, VTA (pini ya sensa inayotoa volti kulingana na kipepeo) mguu ukiwa nje isome kati ya volti 0.3 na 0.8, ukikanyaga mpaka mwisho ipite 3.2. Ipande bila kuruka katikati.

Waya wa mafuta uache na ulegevu kidogo. Nimeona mjadala huu ukienda moja kwa moja kwenye skrubu, lakini waya uliokazwa kupita kiasi unafanya kosa lile lile.

UmemeWaGari (Moshi)

Fundi kamaliza upande wa throto. Naongeza mambo yanayoangaliwa kabla ya kufungua boliti hata moja, maana sailensa juu haimaanishi skrubu peke yake.

Kwanza ujue injini yako inapimaje hewa. 5A-FE hutumia sensa ya presha ya maniholdi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), si sensa ya mtiririko kama 1NZ-FE za IST na Vitz. Tofauti ni kubwa pale hozi inapovuja. Kwenye 5A-FE hewa ya wizi inaongeza presha ndani ya maniholdi, kompyuta inaona hewa imeongezeka, inaongeza mafuta, rpm zinapanda. Kwenye 1NZ-FE hewa hiyo haijapimwa, mchanganyiko unakosa mafuta, injini inatetemeka na kutaka kuzima. Uvujaji ni ule ule, dalili zinapingana. Fundi aliyezoea gari moja anapotezwa na nyingine.

Kipimo cha bure: injini ikiwa ya moto na inaunguruma, ondoa hozi ya hewa mbele ya throto, utaona tundu dogo kabla ya kipepeo. Hiyo ndiyo njia ya ISC. Liziba kwa kidole. Rpm zikianguka sana au injini ikizima, hewa inatoka huko, ISC imekwama wazi au imeamriwa kufungua. Zisipobadilika, hewa inaingia kwingine: kipepeo kiko wazi, au kuna hozi inavuja.

Hozi zibane moja moja kwa praizi iliyofungwa kitambaa, usikate mpira. Breki busta, PCV (valvu inayovuta mvuke wa ndani ya injini), hozi inayoenda kwenye pampu ya pawa stelingi. Hii ya mwisho isikilizeni. Kwenye pampu pana valvu ndogo inayoongeza hewa ukikata usukani ili injini isizame. Ikichakaa inavuta hewa muda wote, na ikizidi inavuta na oili ya pawa stelingi ndani ya injini. Dalili zake ni oili inayopungua kwenye kikopo huku chini hakuna tone, na moshi mweupe unaonuka.

Gasketi ya maniholdi ijaribu kwa maji ya kunyunyizia. Maji yakifika penye ufa rpm zinayumba. Watu wanapuliza dawa ya kabureta juu ya ekzosi ya moto na waya za plagi zinazoruka cheche. Hapo unatafuta moto.

Jingine ni sensa ya joto la maji. Kompyuta ikidhani injini ni baridi, inashikilia sailensa ya asubuhi siku nzima. Chomoa soketi, pima pini zake mbili: maji yakiwa nyuzi 20 upate kilo-omu 2 hadi 3, yakiwa nyuzi 80 upate 0.2 hadi 0.4. Na thermosteti isiwe imetolewa. Najua gereji nyingi zinaitoa "gari isichemke". Asubuhi za Juni na Julai, gari isiyo na thermosteti inachelewa mno kupata joto, na sailensa inabaki juu kwa haki kabisa.

Usisahau distributa. Ni njia nyingine ya kupandisha sailensa kwa ujanja, inazungushwa mbele kidogo, rpm zinaongezeka, kisha injini inagonga kwenye mlima. Unganisha pini za TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kile kiboksi cheusi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS, piga taimingi laiti (taa ya kupimia cheche), iwe digrii 10 kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa) kwenye sailensa. Ukichomoa waya itasonga mbele yenyewe.

Mzee_wa_Taimingi (Arusha)

Suala la mlima lijibiwe, linapotosha wengi. Ni la enzi za kabureta. Kabureta haijui presha ya hewa, ukiitoa Dar ukaileta Arusha inakuwa na mafuta mengi kuliko hewa, ndiyo maana ilikuwa inachezewa jeti na skrubu. EFI ya sensa ya presha inapima. Pwani presha ya hewa ni kama kilopaskali 101, Moshi mjini karibu 91, Arusha kwenye mita 1,400 karibu 86. Switi ikiwa ON kabla ya kuwasha, sensa ya presha ya Toyota inayotoa takriban volti 3.6 pwani, Arusha itatoa kama 3.1. Kompyuta inaliona hilo, inapunguza mafuta, na ISC inafungua kidogo zaidi. Hakuna skrubu inayohusika.

Mlima unawachanganya watu mahali pengine, kwenye geji ya vakyumu (kipimo cha mvuto wa hewa ndani ya maniholdi). Vitabu vinasema injini nzima isome inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye sailensa. Hiyo ni usawa wa bahari. Kila mita 300 za mwinuko toa inchi moja. Arusha injini nzima itasoma kama 13 hadi 16, Moshi kama 14 hadi 18. Nimeshaona watu wakihukumu ringi na valvu kwa 15 iliyotulia kabisa. Muhimu ni sindano itulie. Ikidondoka kwa mpigo unaojirudia, hiyo ni valvu au silinda moja haifanyi kazi; ikiwa chini lakini imetulia, taimingi imerudi nyuma au kuna uvujaji.

Kuhusu rpm zenyewe, fuata kibandiko cha chini ya boneti. Kama kimetoka, Toyota nyingi za aina hii za otomatiki ziko kati ya 650 na 850 zikiwa N. Upime injini ikiwa na moto kamili, AC na taa zimezimwa, feni ya rejeta haizunguki. Feni ikishika katikati ya kipimo, subiri ikate.

Dada_Xtrail (Arusha, Njiro)

Samahani kwa kuingilia. Yangu ni Nissan X-Trail ya injini QR20, throto ya umeme, haina waya. Baada ya kusafishwa throto sailensa imepanda hadi 1,100. Hayo ya skrubu yananihusu?

UmemeWaGari (Moshi)

Hayakuhusu, dada. Kwako kipepeo chenyewe ndicho kinachofanya kazi ya ISC. Kompyuta ilikuwa imezoea kukifungua zaidi kwa sababu ya masizi, sasa masizi hayapo na bado inakifungua vile vile. Toyota za throto ya umeme mara nyingi zinatulia ukitoa fyuzi ya EFI kwa dakika moja au mbili, ukirudisha, ukawasha na kuiacha iungurume bila kugusa pedali. Nissan ni mkaidi, inataka kufundishwa.

Mwenye mashine ya kusomea anachagua kipengele cha kujifunza hewa ya sailensa na kumaliza. Bila mashine, injini iwe na joto kati ya nyuzi 70 na 100, betri isome zaidi ya volti 12.9 ikiwa imewashwa, gia P, usukani umenyooka, AC, taa na redio vyote vimezimwa. Zima, subiri sekunde 10. Weka switi ON bila kuwasha, hesabu sekunde 3. Kanyaga pedali mpaka mwisho na kuiachia mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7. Kanyaga tena ushikilie kama sekunde 20, taa ya cheki injini itapepesa kisha itaacha kupepesa na kuwaka moja kwa moja. Iachie pedali ndani ya sekunde 3 tangu iwake hivyo, washa injini mara moja, iache sekunde 20. Tumia saa, usikisie. Ukikosea sekunde inakataa na unaanza upya. Ikiendelea kukataa, tafuta hozi inayovuja kabla ya kulaumu throto.

Na siku nyingine ikisafishwa, kipepeo kisisukumwe kwa kidole switi ikiwa ON. Ndani mna gia za plastiki.

Karina_wa_Njoro (Moshi)

Nawashukuru wakuu. Nimefanya vipimo vya bure kabla ya kufungua. Tundu nikiliziba kwa kidole, rpm hazishuki hata kidogo. Hozi ya pampu ya pawa stelingi nikiibana zinashuka kama 200, na ndani ya hozi kuna oili. VTA mguu ukiwa nje inasoma 0.9. Sensa ya joto iko sawa. Niendelee vipi, nizungushe sensa ya throto irudi 0.5?

SpanaKumiNaNne (Arusha, Unga Ltd)

Hapana, sensa usiiguse bado. 0.9 imetoka kwenye skrubu. Ukiisogeza sensa sasa, skrubu ikirudi utasoma chini kupita kiasi na utaanza kufukuzana nayo. Skrubu kwanza, kisha upime. Huenda ikarudi yenyewe ndani ya 0.3 hadi 0.8 usihitaji hata kuilegeza.

Valvu ya pampu imekufa, oili ndani ya hozi ni ushahidi tosha. Ibadilishe, inafunguka kwa spana, ina wosha yake ya kuzibia, usirudie ya zamani. Wakati unaitafuta unaweza kuchomoa hozi zake mbili na kuziba kote, upande wa maniholdi na upande wa bomba la hewa. Usukani hautakuwa mzito, ila rpm zitazama kidogo ukikata ukiwa umesimama, na ISC safi inatakiwa kuzishika. Ukiziba upande mmoja tu, mwingine utavuta vumbi.

Mpangilio wako basi uwe valvu ya pampu, usafi wa throto na ISC, skrubu, sensa, taimingi. Jaza kulanti uliyopoteza na utoe upepo kwenye rejeta, maana ISC hiyo inapita maji. Toa fyuzi ya EFI dakika moja ili kompyuta isahau mazoea ya zamani. Washa bila AC mpaka feni ishike na kukata, kisha ijaribu na AC, kisha D mguu ukiwa kwenye breki.

ISC uihakikishe hivi: injini ya moto, gia N, unganisha TE1 na E1. Rpm zinatakiwa zipande kidogo hadi 1,000 hivi au 1,300, zikae kama sekunde 5, kisha zirudi kwenye sailensa. Zikikaa kimya bila kupanda, ngoma bado imenata au waya wa soketi umekatika. Kipande cha waya ukitoe kabla ya kufunga boneti, kikibaki taa ya cheki injini itapepesa muda wote na taimingi ya sailensa haitasonga.